Kumzoesha mwanafunzi kufikiri kianthropolojia: mwongozo kamili kwa mwalimu

Mwanafunzi aliyemaliza muhula mzima wa anthropolojia, elimu ya binadamu na tamaduni zake, atakutajia bila kusita kwamba Edward Tylor alitoa maana yake maarufu ya utamaduni mwaka 1871, kwamba somo lina matawi manne, na kwamba etnografia ni utafiti wa kuishi na watu na kuandika habari zao. Mpeleke sasa kwenye foleni ya ofisi yoyote, umwombe akueleze kinachoendelea pale. Mara nyingi atakujibu, "Watu wanasubiri huduma." Basi. Hajaona nani anampisha nani, nani anaomba radhi kabla ya kupenya, watu wanaachiana nafasi kiasi gani, wala nyuso zinavyobadilika mtu akijifanya hakuona mwisho wa mstari.

Alipewa maana kabla ya kupewa macho. Mwongozo huu unaanza upande wa pili: mazoezi kwanza, nadharia baadaye, tena kidogo kidogo. Nimemfikiria mwalimu wa sekondari ya juu au wa mwaka wa kwanza chuoni, mwenye darasa kubwa na asiye na fungu la safari. Utahitaji madaftari, kalamu, ubao na kama wiki nane. Ukiwa na muda mfupi, shika hatua ya 1, ya 3 na ya 7. Hizo tatu usiziguse kwa kupunguza.

Kabla ya kuingia darasani

Amua unataka mwanafunzi atoke na nini. Kwa maoni yangu ni mazoea matatu. La kwanza ni kuandika kilichotokea kabla ya kukipa jina. La pili ni kuanza na imani kwamba anayefanya jambo usilolielewa ana akili timamu na sababu zake, kisha kuzitafuta sababu hizo. La tatu ni kulirudisha swali kwako: ukishauliza kwa nini wale hufanya vile, ulize kwa nini ninyi hufanya hivi.

Hilo la tatu ndilo huachwa, na likiachwa somo linageuka maonyesho ya vioja. Leo watu wa kisiwa fulani, kesho wa msitu fulani. Wanafunzi wanacheka, wanashangaa, wanaondoka wakiamini kwamba wao ni watu wa kawaida na wengine ndio wenye "utamaduni". Ndiyo maana nashauri wiki mbili za mwanzo zipite bila picha hata moja ya watu wa mbali. Inauma kidogo, maana picha hizo ndizo zinazovuta darasa. Vumilia.

Hatua ya 1: Dakika ishirini mahali pamoja

Tawanya wanafunzi: mmoja langoni, mwingine kwenye ngazi, mwingine mlangoni mwa maktaba, wengine kituo cha basi. Kila mmoja akae mahali pamoja kwa dakika 20 akiandika anachokiona na kusikia. Simu mfukoni. Ukurasa ugawanywe kwa mstari wa wima: kushoto yaingie yaliyoonekana na kusikika, kulia yaingie mawazo, hisia na maswali ya mwandishi. Saa na mahali viandikwe juu.

Wakirudi, usiwaombe muhtasari. Mwombe mmoja asome sentensi yake ya kwanza, uiandike ubaoni kama ilivyo. Utapata kitu kama hiki: "Mwalimu mmoja mkali alimfokea kijana mvivu aliyeziba njia."

Sasa ichambueni pamoja neno kwa neno. Umejuaje ni mwalimu? Alikuwa na mafaili. Basi andika mafaili. Mkali? Huo ni uamuzi wako. Alimfokea? Alisema maneno gani, na sauti ilipanda wakati gani? Mvivu? Kwa kuketi tu? Baada ya robo saa ya kubishana sentensi ile itakuwa imefika hapa:

"Mwanamke wa makamo, mafaili mkononi, alisimama ngazi ya tatu. Kijana alikuwa ameketi katikati, miguu ameinyoosha. Mwanamke akasema 'Samahani' mara mbili, ya pili kwa sauti ya juu zaidi. Kijana akakunja miguu bila kuinua macho. Watu wawili waliokuwa nyuma wakatazamana."

Imekuwa ndefu, na ndani yake maswali yameanza kujitokeza yenyewe. Kwa nini aombe radhi aliyezibiwa njia na si aliyeziba? Nani ana haki ya kuketi kwenye ngazi, na hao wawili nyuma walikuwa wanaambiana nini kwa macho? Sentensi ya kwanza ilikuwa imeshayajibu yote kabla hayajaulizwa.

Wanafunzi wengine wataona kwamba safu ya kulia ni takataka ya kufichwa. Wakatalie. Hasira ya yule aliyeandika "mvivu" ni ushahidi mzuri sana, ila unamhusu yeye: unaonyesha kuna kanuni fulani ya kupita njiani ambayo hakujua anayo hadi ilipovunjwa. Waambie waizungushie duara kila hisia kali na kuandika kando: ni kanuni ipi imeguswa?

Rudieni zoezi hili kila wiki, mahali pale pale. Mara ya kwanza mtu huona watu wakipita. Mara ya tatu huanza kuona kwamba baadhi yao hawapiti kamwe upande fulani.

Hatua ya 2: Kuyafanya ya kawaida yawe mageni

Mwaka 1956 Horace Miner alichapisha makala kuhusu watu wanaoitwa Nacirema. Kila nyumba yao, aliandika, ina chumba cha ibada chenye sanduku la dawa ukutani, na kila siku hufanya ibada ya kinywa kwa kusukasuka kifungu cha manyoya mdomoni. Ukisoma jina lao kinyumenyume unapata "American", yaani Mmarekani. Sanduku ni kabati la dawa la bafuni, na ibada ni kupiga mswaki.

Makala hiyo bado inafaa darasani, ingawa mtego wake umezeeka: siku hizi kuna mwanafunzi mmoja atakayeichungulia kwenye intaneti na kuwanong'oneza wenzake. Kwa hiyo itumie kama mfano, kisha wape kazi ya kuandika yao. Mada nzuri kuliko zote ni mtihani, kwa sababu wote wanaujua kwa ndani:

"Kila baada ya miezi kadhaa vijana hufungiwa ndani ya ukumbi. Mwaka mzima wamehimizwa kusaidiana. Siku hiyo kusaidiana ni uovu mkubwa. Majina yao huvuliwa na kila mmoja hupewa namba. Mzee hutembea kati yao bila kusema neno. Wakitoka, hukutana nje na kuulizana maneno yale yale waliyokatazwa ndani. Hatima yao hutangazwa baadaye na watu wasiowahi kuwaona."

Watacheka, na ni vizuri wacheke. Lakini usiishie hapo, maana kuna jambo walimu wengi hulipita. Hiyo lugha ya mbali inaweza kumfanya binadamu yeyote aonekane kichekesho. Kwa hiyo wape sehemu ya pili: waandike tukio lile lile la mtihani kwa maneno na mashaka ya wanaolifanya, jinsi linavyobeba matumaini ya familia na hofu ya kuonekana mjinga. Weka maandishi mawili sambamba. Hakuna lililosema uongo. Waulize ni lipi wangependa liandikwe juu yao na mgeni, na ni lipi wamezoea kusoma juu ya wengine.

Usione vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo ni utangulizi mzuri wa nadharia ya kwanza utakayoitaja: yale tunayoyaona ni ya asili, kama saa za kula, umbali wa kusimama, nani aanze kusalimu, yana waundaji na yana historia. Dakika kumi zinatosha.

Hatua ya 3: Ghala lililoanguka

Hili ndilo somo ningelifundisha kama ningepewa kipindi kimoja tu cha anthropolojia.

Kati ya 1926 na 1930 Edward Evans-Pritchard alifanya utafiti miongoni mwa Wazande, kusini mwa Sudan ya wakati ule, na mwaka 1937 akachapisha kitabu juu ya imani zao za uchawi. Mfano wake mkuu ni ghala la nafaka. Ghala limesimama juu ya nguzo, na mchana wa jua watu huketi chini yake kupata kivuli. Siku moja linaanguka, watu wanaumia. Wazande wanasema ni uchawi.

Simama hapo. Usiendelee kusimulia. Uliza darasa: watu hawa wamekosea wapi? Majibu yatakuja kwa kasi: hawajui sayansi, hawajui kwamba nguzo huliwa na mchwa.

Kisha wape nusu ya pili. Wazande wanajua kabisa kwamba mchwa wamekula nguzo. Wanajua pia kwamba watu waliketi pale kwa sababu ya jua. Wanachouliza ni kwa nini ghala hili lianguke saa hii, wakati watu hawa wako chini yake, na si saa moja kabla au baada. Mchwa wanaeleza ghala lilivyoanguka. Hawaelezi kwa nini mambo mawili yasiyohusiana yamekutana juu ya kichwa cha mtu fulani. Mahali ambapo wengine husema "bahati mbaya" na kunyamaza, Wazande wana maelezo.

Ukimya unaofuata ni wa thamani, usiuvunje haraka. Halafu rudisha swali nyumbani. Kila mwanafunzi aandike tukio moja la ghafla lililompata yeye au mtu anayemfahamu, na sentensi ambazo watu walizisema kulieleza. Utaziona ubaoni zikijipanga: bahati, mapenzi ya Mungu, uzembe wa fulani, husuda, "ilikuwa imeandikwa", takwimu za ajali. Waulize ni zipi kati ya hizo zinajibu "vipi" na ni zipi zinajibu "kwa nini mimi". Hapo watagundua kwamba swali la pili ni lao pia.

Mtu atauliza, na ni haki yake: je, uchawi upo? Mwambie swali hilo lipo halali, ila si la kipindi hiki. Linaloulizwa sasa ni wazo hilo linafanya kazi gani kati ya watu. Linaelekeza macho kwenye uhusiano ulioharibika, linataja chuki na wivu, linaonyesha nani aendewe ili mambo yatulizwe. Evans-Pritchard mwenyewe aliandika wazi kwamba wachawi wa namna ile hawawezi kuwepo. Hata hivyo, akiishi kule, aliendesha shughuli za nyumba yake kwa kuuliza maaguzi kama wenyeji, na akakiri kwamba ilikuwa njia ya kuridhisha kama nyingine yoyote aijuayo. Wanafunzi hulipenda jambo hilo kuliko nadharia yote, kwa sababu linaonyesha kuwa mtu anaweza kufuata mantiki ya wengine bila kuiamini.

Tahadhari moja. Zipo sehemu ambako tuhuma za uchawi huwaumiza watu wa kweli, na huenda mmoja wa ndugu zao ameketi darasani mwako. Mifano yenye majina, au inayomwelekea mtu anayejulikana, izuie mara moja na bila mzaha.

Hatua ya 4: Kufuata kitu kimoja mpaka kinapoishia

Kufikiri kianthropolojia ni kukataa kukata maisha vipande: hapa uchumi, pale dini, kule familia. Ukilisema hivyo watalinakili na kulisahau. Wape kitu cha kufuata.

Mfano wa kale ni wa Bronisław Malinowski, aliyekaa visiwa vya Trobriand, ambavyo leo ni sehemu ya Papua New Guinea, kati ya 1915 na 1918. Alikuta watu wakisafiri baharini kwa mitumbwi, safari za hatari, kubadilishana mikufu ya kombe nyekundu za baharini na bangili za kombe nyeupe. Mikufu huzunguka visiwa kufuata mkondo wa mishale ya saa, bangili huzunguka kinyume chake. Hakuna anayekaa nazo milele. Sifa iko katika kuzipokea, kuzimiliki kwa muda na kuzipitisha. Ukiitazama kwa jicho la bei ni upuuzi mtupu. Ukiifuata, unakuta ndani yake utengenezaji wa mitumbwi, dua za bahari, heshima ya watu wakubwa, urafiki wa kudumu kati ya visiwa, na pembeni biashara ya kawaida yenye kupatana bei.

Msomi wa Kifaransa Marcel Mauss aliitumia habari hiyo mwaka 1925 alipoandika juu ya zawadi. Alidai kwamba zawadi, ingawa huonekana ya hiari, hubeba wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha.

Sasa zoezi: daftari la zawadi. Kwa wiki moja mwanafunzi aandike kila alichopewa, alichotoa, alichokopesha au kuazima, hata kalamu, hata muda wa maongezi wa simu. Kimetoka kwa nani, kimeambatana na maneno gani, kimerudi lini. Watu wafichwe kwa herufi. Mwisho wa wiki uliza maswali haya mawili tu, uache darasa lichemke: nini kingetokea kama kesho yake asubuhi ungerudisha thamani ile ile kamili? Na kwa nini bei hufutwa kwenye zawadi kabla haijatolewa? Wengi watafika wenyewe kwamba deni dogo lisilolipwa mara moja ndilo linaloweka urafiki hai, na kwamba kulilipa upesi mno ni kuufunga mlango.

Hatua ya 5: Kuuliza bila kuweka maneno mdomoni

Hapa sina mengi. Mkataze mwanafunzi kuanza na "kwa nini". Swali hilo humfanya mtu ajitetee au atoe jibu rasmi. Aanze na "mara ya mwisho ilikuwaje?", kisha "halafu?", kisha anyamaze. Ukimya wa sekunde kumi unamtisha anayehoji kuliko anayehojiwa, na kwa kawaida ndani yake ndimo linapotoka jambo la maana.

Wafundishe kutenga vitu vitatu: watu wanachosema kinapaswa kufanywa, wanachosema wanafanya, na wanachofanya. Njia rahisi ni kuwahoji wenzao kuhusu namna wanavyojisomea, kisha kulinganisha majibu na kumbukumbu ya siku tatu ambazo mhojiwa ameandika saa baada ya saa. Pengo litakuwepo. Usiruhusu liitwe uongo. Pengo lenyewe ndilo la kuchunguza, kwa sababu mtu huonyesha humo anavyotaka aonekane.

Hatua ya 6: Mchoro wa ukoo

Fundisha alama zake: pembetatu kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, alama ya usawa kwa ndoa, mstari wa kushuka kwa mtoto, mstari wa juu kuunganisha ndugu, mstari wa mshazari juu ya alama kwa aliyefariki. Katikati kuna "mimi", na uhusiano wote huhesabiwa kutoka hapo. Wachore vizazi vitatu.

Kisha wapake rangi mara mbili. Kwanza, rangi moja kwa wote wanaoitwa kwa jina lile lile la ukoo. Pili, kwenye nakala nyingine, rangi moja kwa wale unaoweza kuwaamsha usiku wa manane kuomba msaada. Linganisheni michoro ya madarasa na familia tofauti. Lewis Henry Morgan alionyesha mwaka 1871 kwamba kuna jamii, kama Iroquois wa Amerika Kaskazini, ambako ndugu wa kiume wa baba huitwa sawa na baba, na watoto wake huwa ndugu zako, ilhali watoto wa dada yake baba wako kundi jingine kabisa. Damu ni ile ile. Mpaka umechorwa kwingine.

Kuwa na busara. Darasani wamo yatima, walioasiliwa na wasiojua upande mmoja wa ukoo wao. Tangaza mapema kwamba yeyote anaweza kuchora ukoo wa familia ya kubuni, na usimwulize sababu.

Hatua ya 7: "Kwa hiyo kila kitu ni sawa?"

Swali hili litafika, kwa kawaida kutoka kwa mwanafunzi makini aliyekuwa kimya. Ukilikwepa, yote ya nyuma yatasombwa.

Anza kwa kukubali kwamba taaluma yenyewe imegombana juu yake. Mwaka 1947, Umoja wa Mataifa ulipokuwa ukiandaa tamko la haki za binadamu, bodi ya chama cha wanaanthropolojia wa Marekani ilipeleka waraka wa kutilia shaka kama kuna kipimo kimoja kinachoweza kutumika kwa tamaduni zote. Tamko likapitishwa mwaka uliofuata. Mwaka 1999 chama kile kile kikatoa tamko lake la kuunga mkono haki za binadamu. Chama kimoja, nusu karne, msimamo tofauti. Darasa likijua hivyo halitakutegemea wewe ulipe jibu.

Kisha tenga mambo mawili ambayo huchanganywa kila mara. Kusimamisha hukumu ili uelewe ni mbinu ya kazi. Kudai kwamba hakuna hukumu inayowezekana ni msimamo wa kifalsafa, na mbinu haikulazimishi kuushika. Hakimu anayesikiliza pande zote kabla ya kuamua hajasema kwamba hakuna kosa duniani.

Endesha mjadala kwa raundi tatu, na usiruhusu mtu kuruka. Chagueni desturi moja yenye utata, na angalau mara moja iwe ya shule au chuo chenu, kama vile kuwatesatesa wanafunzi wapya. Raundi ya kwanza: sababu za wanaoifanya, zisemwe kwa namna ambayo wao wangesema "ndivyo hasa". Asiyeweza kufanya hivyo hajafuzu kuendelea. Raundi ya pili: nani ananufaika, nani analipa gharama, nani hawezi kujitoa hata akitaka, na wenyewe kwa wenyewe wanabishana wapi? Raundi ya tatu: hukumu, na isemwe kwa nafsi ya kwanza, "mimi nadhani", pamoja na sababu.

Raundi ya pili ndiyo yenye uzito. Mwanafunzi anapoandika "utamaduni wao unasema", mwulize ni nani hasa aliyesema. Mara nyingi ni mtu mzima mwenye cheo. Msichana wa miaka kumi na minne wa mahali hapo hapo angesema nini, na je, aliulizwa? Hakuna jamii yenye sauti moja. Anayelielewa hilo huacha kuhukumu jamii nzima kwa mkupuo, na huacha pia kuitetea kwa mkupuo.

Hatua ya 8: Historia isiyopendeza

Wanafunzi wataisikia mahali fulani, afadhali waisikie kwako. Somo hili lilikua ndani ya dola za kikoloni, na mwaka 1973 Talal Asad alihariri kitabu kizima kinachochunguza uhusiano huo.

Nashauri uchukue kisa kimoja ukikalie badala ya hotuba ndefu. Franz Boas, mwanaanthropolojia wa Marekani, ndiye aliyeshambulia sana sayansi ya mbari, ile iliyowagawa binadamu kwa rangi na maumbile. Vipimo vyake vya miili ya watoto wa wahamiaji Marekani, vilivyochapishwa miaka ya 1910 hadi 1912, vilidhoofisha dai kwamba umbo la kichwa ni alama ya mbari isiyobadilika. Ni shujaa wa vitabu vya kiada. Mwaka 1897 mvumbuzi Robert Peary aliwaleta Wainuiti sita New York kutoka Greenland. Boas alikuwa ameomba aletewe mmoja kwa uchunguzi. Wanne walikufa kwa maradhi. Mmoja aliitwa Qisuk, na mtoto wake Minik alikuwa bado mdogo. Jumba la makumbusho la New York lililowapokea lilifanya mazishi ya uongo ili mtoto aridhike, huku mifupa ya baba ikihifadhiwa kama kielelezo. Mabaki ya wale wanne yalirudishwa Greenland mwaka 1993.

Usimwambie mwanafunzi aamue kama Boas alikuwa mwema au mbaya. Mwulize swali la kazi: ni wakati gani katika utafiti wako wewe mtu anaanza kugeuka kielelezo?

Upande wa pili wa historia hiyo ni pale anayechunguzwa anaposhika kalamu. Jomo Kenyatta alisoma London chini ya Malinowski na mwaka 1938 akachapisha utafiti juu ya watu wake mwenyewe, Wagikuyu, ukiwa pia hoja ya kisiasa kuhusu ardhi na heshima. Je, mwenyeji huona zaidi au hutetea zaidi? Darasa litagawanyika, liache.

Kutoka hapo maadili hayahitaji mahubiri: omba ruhusa kabla ya kuhoji, ficha majina, usipige picha ya mtu bila ridhaa, usimhoji mtoto bila mzazi au mlezi kujua, na mtu akisema "hilo usiliandike", kalamu ikae chini.

Hatua ya 9: Mradi mdogo na namna ya kuupa alama

Kila mwanafunzi achague mahali au kundi dogo analoweza kulitembelea mara kwa mara kwa wiki tatu. Asichague familia yake. Ukaribu huo ni mgumu kwa anayeanza. Ripoti iwe kurasa tano hivi.

Toa angalau nusu ya alama kwa daftari la uwandani. Ripoti inaweza kuazimwa au kuzalishwa na programu ya kompyuta usiku mmoja. Daftari lenye saa, mahali, makosa yaliyokatwa na maswali ya wiki ya kwanza yanayobadilika wiki ya tatu ni gumu sana kubuni. Unaposahihisha, angalia kama sifa za kuhukumu zinapungua. Angalia kama kuna tukio moja lililoelezwa kwa ukaribu kiasi kwamba wewe, ambaye hukuwepo, unaweza kuliona na hata kulifasiri tofauti na mwandishi. Angalia pia kama kuna mahali alipokuta jambo lililopinga alichotarajia, na akaliacha kwenye ukurasa.

Kabla ya kukabidhi, arudi kwa mtu mmoja wa pale alipofanyia utafiti, amsomee aya mbili zinazowahusu, na aandike neno kwa neno alichokosoa mtu huyo. Ukosoaji huo uingie kwenye ripoti kama ulivyo, hata kama unapingana na hitimisho la mwanafunzi, na uwe na alama zake.